Maneno ya Kiingereza Yaanzayo kwa AL



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya maneno ya Kiingereza. Sitasema habari za maneno ya kila siku, yale ambayo mwanafunzi huyajua katika mwaka wake wa kwanza, kama vile meza na kikombe na mlango. Nitasema habari za maneno yasiyo ya kawaida, ambayo msomaji huyakuta kitabuni akasimama, asijue la kufanya. Hayo nayo ni mengi mno kwa muda tulio nao. Kwa hiyo nimechagua yale tu yaanzayo kwa herufi mbili, A na L. Mtu akifungua kamusi ya Kiingereza mahali pa herufi hizo, ataona kurasa nyingi, na humo mna maneno kama "algebra", "alcohol", "alkali", "alcove", "alarm", "alibi" na "alligator". Kwa macho yafanana kama ndugu wa tumbo moja. Je, ni ndugu kweli? Hilo ndilo swali letu.

Sababu za kuichagua habari hii ni mbili. Ya kwanza ni ya manufaa. Wanafunzi wengi wakikuta neno wasilolijua hulikisia kwa mwanzo wake. Likifanana na neno wanalolijua, husema maana zao ni moja. Kisio la namna hiyo laweza kumdhuru mtu, kama tutakavyoona mbele. Sababu ya pili yahusu heshima ya lugha yetu. Wako watu, na baadhi yao wamesoma sana, wasemao kwamba Kiswahili si lugha kamili kwa kuwa kimekopa maneno ya Kiarabu. Vijana wakisikia hayo huona haya kwa lugha yao wenyewe. Nadhani tukiisha kuyachungua maneno haya machache ya Kiingereza, tutakuwa na la kuwajibu.

Basi na tuanze nyumbani. Sote twajua maneno alfajiri, alasiri na Alhamisi. Yametoka katika Kiarabu, na Mwarabu akiyasikia huyasikia kama maneno mawili mawili. Kuna neno lenyewe, na mbele yake kuna kijineno AL. Kazi ya kijineno hicho ni kuonyesha kwamba kitu kinachotajwa ni kile kijulikanacho, kama sisi tusemavyo "mtu yule" au "saa ile". Wazee wetu wa pwani walipoyasikia maneno hayo hawakuyasikia kama mawili. Walisikia neno moja, wakalimeza zima zima pamoja na kijineno chake. Leo asemaye "alasiri ile", kwa asili amesema "ile" mara mbili. Lakini hakosi, kwa maana kijineno kimekwisha kumezwa, wala hapana Mswahili akitambuaye tena.

Mambo hayo hayo yalitokea Ulaya. Katika mwaka 711 majeshi ya Waislamu, Waarabu pamoja na Waberberi wa Afrika ya Kaskazini, yalivuka bahari nyembamba yakaingia Hispania. Utawala wao ulidumu katika sehemu za nchi ile mpaka mwaka 1492, mji wa Granada ulipotwaliwa. Hesabuni wenyewe: ni karibu miaka 800. Katika muda huo watu wa Hispania na Ureno walijifunza kwa Waarabu mambo mengi ya kilimo, ya kujenga, ya hesabu, ya dawa na ya nyota. Na walipokipokea kitu, walilipokea na jina lake. Nao walifanya kama walivyofanya wazee wetu: aghalabu walilimeza jina pamoja na AL. Ndiyo maana pamba kwa Kihispania huitwa "algodón", na ile "al" ya mwanzo ni ya Kiarabu. Waingereza walilipata neno lilo hilo bila AL, wakasema "cotton". Hali kadhalika sukari: Mhispania husema "azúcar", na katika A yake ya mwanzo kimefichwa kijineno kile kile, Mwingereza, aliyelipata neno kwa njia ya Italia na Ufaransa, husema "sugar", na sisi twasema sukari. Mfuko ni mmoja, waliochota ni wengi.

Sasa tutazame maneno yenyewe, moja moja.

Neno la kwanza ni "algebra". Wanafunzi wa shule za juu walijua neno hili, na wengine hulichukia. Lilitoka katika jina la kitabu cha hesabu kilichoandikwa mjini Baghdadi, yapata mwaka 820, na mtaalamu aliyeitwa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Katika jina la kitabu hicho mna maneno mawili, al-jabr na al-muqabala. Maana ya "jabr" ni kuunga kilichovunjika na kukirudisha katika hali yake ya kwanza. Kwa Kiswahili tunalo neno lifaalo kabisa, nalo ni kuganga. Huganga mfupa uliovunjika, huganga chombo kilichopasuka, na kwa mithali twasema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Huko Hispania mtu wa kuganga mifupa aliitwa "algebrista", na mtu wa kazi hiyo ametajwa kwa jina hilo katika sehemu ya pili ya kitabu cha Cervantes, Don Quixote, iliyotolewa mwaka 1615.

Je, mifupa yahusiana nini na hesabu? Sikilizeni. Mtu ana kuku, hatujui wangapi. Akiondoa watatu, hubaki saba. Hesabu hii ina kidonda: kuna kuku watatu waliokatwa. Igange, yaani warudishe wale watatu upande huu, na upande wa pili uongeze watatu vile vile ili pande mbili zibaki sawa. Saba na tatu ni kumi: basi kuku walikuwa kumi. Hiyo ndiyo al-jabr. Na neno la pili, al-muqabala, tunalo katika lugha yetu: ni mkabala, yaani kuelekeana. Asha ana kikapu kimoja cha maembe na maembe manne mbali. Zaina ana vikapu viwili vya namna iyo hiyo na embe moja mbali. Maembe yao ni sawa. Viweke vitu vyao vielekeane. Ondoa kikapu kimoja huku na kimoja huku. Ondoa embe moja huku na moja huku. Kwa Asha yabaki maembe matatu, kwa Zaina chabaki kikapu kimoja. Basi kila kikapu kina maembe matatu. Mtoto aliyeelewa hayo amekwisha kuingia mlango wa "algebra", hata kama hajaona herufi moja ya hesabu hizo ubaoni.

Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1145 na Mwingereza mmoja, Robert wa Chester, aliyekuwa akikaa Segovia katika Hispania. Kwa njia hiyo neno likaingia Ulaya. Na jina la mwandishi pia halikupotea. Al-Khwarizmi maana yake ni mtu wa Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Arali, ambayo sasa imo katika Uzbekistan na Turkmenistan. Kama vile pwani yetu tuna majina al-Busaidi na al-Mazrui. Watu wa Kilatini waliligeuza jina lake likawa Algoritmi, na kutoka hapo Waingereza wakapata "algorithm", maana yake njia ya kufanya hesabu au kazi hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Leo ni neno la kila siku kwa watu wa kompyuta, nao wengi hawajui kwamba wanamtaja mtu.

Neno la pili ni "alcohol", yaani ile roho ya kileo, iwakayo moto, ambayo mganga huitumia kusafisha ngozi kabla ya kupiga sindano. Asili yake ni al-kuhl, nayo ni wanja! Ule unga mweusi ambao wanawake hujipaka machoni. Mtauliza, wanja umegeukaje kuwa kileo? Safari yake ilikuwa hivi. Wanja husagwa mpaka uwe laini sana. Kwa hiyo wataalamu wa dawa wa Ulaya waliita "alcohol" kila unga uliosagwa mpaka ukawa laini kabisa. Baadaye wakaliita hivyo kila jambo lililosafishwa mpaka kikabaki kiini chake tu. Walipoichemsha divai na kukusanya mvuke wake, walipata kiini cha divai, wakakiita "alcohol ya divai". Mwisho neno divai likaanguka njiani, likabaki neno "alcohol" peke yake. Neno ni kama msafiri: mwulize alikotoka, lakini usidhani kwamba angali huko.

La tatu ni "alkali". Waarabu waliita al-qali majivu ya mimea fulani iotayo katika mchanga wa chumvi. Majivu hayo yaliloweshwa majini, na maji yake yakatumika kwa kutengenezea sabuni na kioo. Mama zetu vijijini huyajua maji ya majivu, kwa kuwa huyatumia kulainisha mboga ngumu. Magadi yachimbwayo katika Ziwa Magadi huko Kenya ni ya jamaa iyo hiyo. Kwa wataalamu wa kemia, "alkali" ni kitu kinachopingana na ukali wa siki na ndimu. Vikichanganywa kwa kiasi sawa, kila kimoja huuvunja ukali wa mwenziwe. Na katika orodha ya vitu vya asili mna kimoja kinachoandikwa kwa herufi K. Herufi hiyo yatoka katika qali, ndiyo majivu yale yale.

La nne ni "alembic", chombo cha kukenekea, yaani cha kuchemshia kitu na kushika mvuke wake mpaka urudi kuwa maji. Waarabu walisema al-anbiq. Lakini hawakulitunga wao, walilikopa kwa Wayunani, wakalitia kijineno chao mbele. Ndivyo ilivyo na "alchemy", elimu ya watu wa zamani waliotaka kugeuza madini duni yawe dhahabu. Kimiya ni neno la Kiyunani kwa asili. AL ni ya Waarabu. Hatimaye wataalamu waliiacha ndoto ya dhahabu, wakalikata neno AL, na lililobaki likazaa jina la elimu ya kweli, "chemistry", ambayo sisi twaiita kemia. Mwaona basi kwamba hata Waarabu, tunaowadhania kuwa ndio wakopeshaji, walikuwa wakopaji.

La tano ni "alcove", maana yake sehemu ya chumba iliyoingia ndani ya ukuta, mahali pa kuweka kitanda au vitabu. Asili yake ni al-qubba. Nadhani wasikilizaji wa pwani wamekwisha kutabasamu, kwa kuwa kuba la msikiti walijua. Ni neno lilo hilo. Kwetu limebaki juu ya paa. Kwa Waingereza limeshuka likaingia ukutani.

Tuinue macho sasa tutazame mbinguni. Wakulima wetu huijua Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wazee walitazama ili kujua majira ya kulima. Nyuma ya Kilimia hufuata nyota moja kubwa, nyekundu kidogo. Katika vitabu vya Kiingereza jina lake ni "Aldebaran", maana yake kwa Kiarabu ni mfuasi, kwa kuwa usiku kucha huifuata Kilimia. Nyota nyingine, "Altair", ni "arukaye", kwa kuwa Waarabu walimwona pale tai anayeruka. Na ya tatu ni "Algol", yaani zimwi. Jina lake kamili lilikuwa kichwa cha zimwi. Nyota hii hupungua mwanga wake kila baada ya siku karibu tatu, kisha hurudi kung'aa. Mwaka 1783 kijana Mwingereza aliyekuwa kiziwi, John Goodricke, alieleza kwamba huenda kuna kitu kinachopita mbele yake na kuizuia. Wataalamu waliomfuata walithibitisha kwamba ni nyota mbili zizungukanazo, na moja humfunika mwenziwe. Zimwi likawa elimu.

Mpaka hapa mwanafunzi aweza kusema, "Nimefahamu. Kila neno la AL latoka kwa Waarabu." La! Hapo ndipo ashikwapo. Nyumba njema si mlango. Na milango miwili iliyopakwa rangi moja yaweza kuwa ya nyumba mbili mbali mbali.

Chukueni maneno "always", "almost", "alone", "already". Haya ni Kiingereza chenyewe, tangu zamani. AL yao ni "all", maana yake "yote". "Alone" ni "all" na "one", yaani mmoja kabisa, peke yake. Hapana Mwarabu hapo.

Chukueni "alarm", kengele au kelele ya hatari. Hili latoka Italia. Askari walipoona adui alipiga ukelele, "All'arme!", maana yake, "Haya, kwenye silaha!" Ukelele ukageuka kuwa jina. Ndugu yake ni "alert", kuwa macho, nalo pia latoka kwa Waitalia, kwa maneno ya mlinzi asimamaye mahali pa juu akitazama.

Chukueni "alibi", neno la mahakamani. Ni la Kilatini, maana yake "mahali pengine". Mshtakiwa akisema, "Siku ile ya wizi mimi sikuwapo hapa, nilikuwa mahali pengine, na mashahidi ninao," ametoa "alibi". Jamaa zake ni "alias", jina jingine la mtu, na "alien", mtu wa nchi nyingine. Shina lao ni "-ingine".

Chukueni "album" na "albumen". Shina lao ni neno la Kilatini lenye maana ya weupe. "Album" kwa Warumi ilikuwa ubao mweupe wa kuandikia matangazo ya watu wote. Siku hizi ni kitabu cha kubandikia picha. "Albumen" ni ute mweupe wa yai.

Chukueni "alligator", mnyama wa mitoni katika Marekani na China, afananaye na mamba wetu. Wahispania walipomwona huko Marekani walimwita "el lagarto", yaani "yule mjusi". Mabaharia Waingereza waliyasikia maneno mawili kama moja, wakayameza yote. EL hiyo ni kijineno cha Kihispania, si cha Kiarabu. Lakini ajali iliyompata Mwingereza ni ile ile iliyompata Mswahili kwa alasiri.

Na "alphabet"? Ni herufi mbili za kwanza za Wayunani, alfa na beta. Alfa ni binamu ya alifu, ambayo watoto huianzia chuoni. Zote mbili zatoka kwa watu wa kale wa Mashariki walioiita herufi hiyo "ng'ombe", kwa kuwa waliichora kama kichwa cha ng'ombe. Igeuzeni herufi A juu chini, mtaziona pembe zake.

Hata katika Kiswahili, si kila AL ni kijineno. Neno alama lina AL ndani ya mwili wake. Ukiikata umeliua neno. Na almasi je? Hili lina hadithi nzuri. Wayunani waliita "adamas" kitu kigumu kisichoshindika. Waarabu walilipokea neno, likawa almas. Kisha baadhi yao wakadhani kwamba AL ya mwanzo ni kijineno chao, wakaikata, wakasema mas. Yaani wenye kijineno wenyewe walikosea kukitambua! Kwa njia nyingine neno hilo hilo lilifika Uingereza, likawa maneno mawili: "diamond", ndiyo almasi yenyewe, na "adamant", mtu mwenye msimamo usiovunjika. Kwa hiyo jiwe lililopatikana Mwadui, karibu na Shinyanga, mwaka 1940, lina jina moja kwa asili, ukiliita kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.

Sasa nirudi kwa jambo nililoahidi, la madhara. Fikirini chupa tatu zimewekwa rafuni. Ya kwanza imeandikwa "alcohol", ya pili "alkali", ya tatu "alum". Asomaye herufi mbili za mwanzo tu ataona zote ni za jamaa moja. Lakini ya kwanza hushika moto upesi. Haifai kukaa karibu na taa. Ya pili, ikiwa kali, huunguza ngozi, na ikiingia machoni yaweza kumpofusha mtu. Ya tatu ni shabu tu, ile ambayo vinyozi huitumia baada ya kunyoa, na ambayo maji ya matope yakitiwa kidogo yake huacha tope likatuama chini. Jina "alum" ni la Kilatini, nalo ndilo lililomzaa "aluminium", madini ya sufuria zetu. Herufi mbili zilizo sawa hazikumlinda mtu yeyote. Anayetaka kulindwa na asome neno lote mpaka mwisho, na asipolijua aulize kabla ya kuigusa chupa.

Kwa hiyo wanafunzi, mkikuta neno geni, jiulizeni maswali matatu. Kwanza, limetoka wapi? Kamusi iliyo nzuri hueleza. Pili, hapo mwanzo lilikuwa na maana gani? Hiyo itawasaidia kulikumbuka. Aliyejua kwamba "algebra" ni kuganga hatalisahau. Tatu, leo watu hulitumia kwa maana gani? Hili la tatu ndilo hakimu. Mtu akienda dukani akataka "alcohol", atapewa kileo, hatapewa wanja, hata akileta mashahidi wote wa Baghdadi.

Limebaki la mwisho, la heshima ya Kiswahili. Tumeona kwamba Kiingereza, lugha yenye vitabu vingi kupita kiasi, kimekopa kwa Waarabu jina la hesabu zake, jina la kileo chake na majina ya nyota zake. Kimekopa kwa Waitalia ukelele wa vita, na kwa Warumi maneno ya mahakama. Hata kwetu kimekopa: neno "safari" limo katika kamusi za Kiingereza, nalo limeingia humo kwa mlango wa Kiswahili. Hapana asemaye kwamba kwa sababu hiyo Kiingereza si lugha kamili. Basi kwa nini liseme hivyo kwa Kiswahili?

Lugha haijulikani kwa maneno iliyoyakopa tu; hujulikana kwa namna inavyoyatumikisha. Tazameni neno kitabu. Mwarabu husema kitab, na vikiwa vingi husema kutub. Sisi tuliisikia KI ya mwanzo tukaifanya kama KI ya kiti na ya kisu, tukasema vitabu. Neno likawa raia wa nchi yetu, linafuata sheria zetu. Nao Waingereza walifanya vivyo hivyo: neno lao la zamani la njegere lilikuwa "pease", wakaidhania ile sauti ya mwisho kuwa ni alama ya wingi, wakaikata, wakapata "pea". Na asemaye "tutasafirishana" ametumia shina la Kiarabu, lakini mikono na miguu ya neno hilo, yaani tu-, -ta- na -ana, ni Kibantu kitupu. Mwarabu hawezi kulielewa.

Hata hivyo sisemi kwamba kukopa hakuna mipaka. Akopaye jembe kwa jirani hali lake analo nyumbani, limelala uvunguni, si mwerevu, ni mvivu. Kitu kikiwa kigeni kabisa, na jina lake liingie nacho, tulipe nguo za kwetu. Lakini tukiwa na neno letu zuri, kama hilo kuganga, tulitoe uvunguni, tulinoe, tulitumie.

Kabla ya kuagana nawapa kazi ndogo. Mkubwa wa manowari kwa Kiingereza huitwa "admiral". Neno hili pia lina AL, lakini imo mkiani badala ya mwanzoni. Mkumbuke neno letu amiri, kisha mtafute katika kamusi mwone ile AL ilibandikwaje mwisho, na jina la kitu gani lilianguka baada yake. Atakayeliona na amweleze mwenzake, maana elimu ni kama moto wa jirani: ukimpa kijinga akawashie, wako haupungui.